Nyaya za Mkono wa Gramafoni na Hatima ya Sauti Zilizomo Katika Santuri

Utangulizi

Tangu Siti binti Saad aliposafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, santuri imekuwa mojawapo ya ghala za fasihi simulizi ya Afrika Mashariki. Baadaye, hasa katika miaka ya 1960 na 1970, kampuni za Nairobi na Mombasa zilitoa santuri ndogo za kasi ya mizunguko 45 kwa dakika katika lugha nyingi za Kenya. Santuri hizo sasa zimezeeka, na vyombo vya kuzichezea vimezeeka pamoja nazo.

Makala haya yanachunguza sehemu moja ndogo ya chombo hicho, yaani nyaya zinazopita ndani ya mkono wa gramafoni, na athari za kuzibadilisha. Hoja kuu ni kwamba kasoro ya waya inaweza kudhaniwa kuwa sifa ya msanii, na mtafiti asiyelijua hilo ataandika uongo bila kukusudia.

Mfano utakaotumiwa ni wa kudhania. Mwanafunzi wa fasihi simulizi yuko Kehancha, mji wa Wakuria katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Mzee mmoja amemkabidhi santuri ya nyimbo zinazoimbwa kwa iritungu, ala ya Wakuria yenye nyuzi 8 na sauti nzito. Santuri ni ya mono, yaani ina mkondo mmoja wa sauti. Mwanafunzi ameazima gramafoni ya stirio ili ainakili santuri hiyo katika kompyuta.

Muundo na kazi ya nyaya

Sindano inapopita katika mfuo wa santuri hutikisika, na katriji iliyo kwenye ncha ya mkono huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme. Katika katriji ya kawaida ya sumaku, umeme huo ni takriban milivolti 5 tu. Ukilinganishwa na volti 240 za umeme wa nyumbani nchini Kenya, ni mdogo mara 48,000 hivi. Umeme huu dhaifu husafiri ndani ya mkono kabla ya kufika kwenye kikuza sauti.

Gramafoni ya stirio huwa na nyaya 4 mkononi. Kila upande una waya wa kwenda na waya wa kurudi. Kwa desturi ya watengenezaji, mweupe ni wa kwenda wa kushoto na wa buluu ni wa kurudi wa kushoto. Mwekundu ni wa kwenda wa kulia na wa kijani ni wa kurudi wa kulia. Nyaya hizi ni nyembamba mno, kwani sharti zipinde kwenye egemeo la mkono bila kuuzuia kusogea.

Inafaa kutaja hapa jambo la kisarufi. Neno "waya" lilikopwa kutoka Kiingereza, lakini wingi wake, "nyaya", ni wa Kiswahili halisi. Wasemaji waliisikia sauti /w/ ya mwanzo kama kiambishi, wakalifuatisha neno hilo na jozi ya "wimbo" na "nyimbo". Kwa hiyo waya na wimbo vimekutana katika ngeli moja kama vinavyokutana katika mkono wa gramafoni.

Namna ya kubadilisha nyaya

Nyaya huhitaji kubadilishwa zinapokatika, ganda lake linapochunika, au maungio yake yanapoota kutu. Fundi huanza kwa kuitoa katriji, kwa sababu joto la kulehemu linaweza kuiharibu. Kisha hufunga nyaya mpya kwenye ncha za zile kuukuu na kuzivuta polepole, ili zile za zamani zinapotoka zilete mpya ndani ya mkono. Kwenye egemeo huacha kitanzi kidogo kilicholegea. Mwisho hulehemu maungio na kupima kila waya kwa mita, katriji ikiwa bado imetolewa, maana umeme wa mita unaweza kudhuru koili zake.

Athari za kweli na za kudhaniwa

Baadhi ya wapenzi wa muziki hudai kwamba waya wa fedha hubadilisha sauti kabisa. Dai hili lapasa kupimwa kwa hesabu. Fedha hupitisha umeme kuliko shaba kwa takriban asilimia 6 tu. Ukinzani wa waya wa shaba wa sentimita 30 na unene wa milimita 0.1 haufiki omu 1, ilhali koili ya katriji ya sumaku aghalabu ina mamia ya omu. Tofauti ya fedha na shaba humezwa humo.

Athari zilizo bayana ni nyingine. Kwanza, waya wa kwenda ukikatika, upande mmoja hunyamaza. Pili, waya wa kurudi ukilegea, mvumo wa umeme wa nyumbani, wenye mitetemo 50 kwa sekunde, huingia katika sauti. Tatu, waya mgumu kwenye egemeo huusukuma mkono upande mmoja. Sindano huegemea ukuta mmoja wa mfuo, na konsonanti za mkwaruzo kama /s/ ndizo huharibika mapema. Kwa mwanafonetiki, hasara hiyo si ndogo.

Kosa la kupishanisha

Kosa la hatari zaidi ni lile lisiloonekana. Tuseme gramafoni ya yule mwanafunzi iliwahi kutengenezwa na nyaya za upande mmoja zikapishanishwa: wa kwenda ukawekwa mahali pa wa kurudi. Hakuna kilichokatika wala kinachovuma, na pande zote mbili zinatoa sauti.

Hata hivyo, pande hizo sasa zinapingana. Upande mmoja unaposukuma hewa, mwingine unaivuta. Katika santuri ya mono pande zote hubeba sauti ileile; kwa hiyo zikisikilizwa kwa spika mbili, sauti nzito ndizo hufutana zaidi. Mwanafunzi atasikia iritungu yenye sauti nyembamba, na huenda akaandika katika tasnifu yake kwamba wapigaji wa zamani walipendelea sauti za juu.

Akiziunganisha pande hizo kuwa mkondo mmoja, kama inavyoshauriwa kwa santuri za mono, mambo huharibika zaidi. Nyaya zikiwa sahihi, muungano huo huikuza nyimbo na kupunguza mikwaruzo, kwa sababu wimbo umechorwa kwa mwendo wa kushoto na kulia, ilhali sehemu ya mikwaruzo hutokana na mwendo wa juu na chini. Zikipishana, kinyume chake hutokea: wimbo hufutwa na mikwaruzo hubaki. Mtu anaweza kuitupa santuri kwa kudhani imekwisha, kumbe iliyokwisha ni kazi ya fundi.

Dawa yake ni nyepesi. Nyaya mbili za upande uliokosewa hubadilishana mahali nyuma ya katriji, na uzito wa iritungu hurudi.

Hitimisho

Mtafiti wa fasihi simulizi amezoea kuandika jina la fanani, mahali na tarehe. Anaponakili santuri, inampasa kuongeza hali ya chombo: katriji iliyotumika, nyaya zilizokaguliwa na mpangilio wake. Kabla ya kuitolea santuri uamuzi, anapaswa kucheza kwanza santuri nyingine anayoifahamu vyema katika chombo hichohicho. Aidha, asiitupe santuri baada ya kuinakili, kwani nakala iliyokosewa haiwezi kusahihishwa na mtu asiyekuwa na asili yake.

Mpigaji wa iritungu hukaza nyuzi zake na kuzisikiliza kabla ya kuanza kuimba. Anayetaka kuusikia wimbo huo baada ya miaka 50 ana wajibu uleule kwa nyaya 4 zilizomo mkononi mwa gramafoni.