Lehemu Haishiki, Nifanyeje?

Swali: Najifunza kulehemu nyumbani ili nitengeneze redio. Lehemu inajikunja kuwa kidonge, na waya unang'oka nikiuvuta kidogo tu. Nakosea wapi?

Jibu: Inaelekea unayeyushia lehemu kwenye ncha ya pasi, kisha unaidondosha juu ya waya uliopoa. Haitashika hivyo. Gusisha ncha kwenye waya na kwenye saketi kwa pamoja, subiri sekunde mbili, ndipo ulete lehemu upande wa pili wa kiungo. Ikishayeyuka na kutambaa yenyewe, ondoa lehemu kwanza, halafu pasi. Usitikise mpaka igande.

Kwangua kutu na uchafu kabla ya kuanza. Ncha nyeusi haipitishi joto vizuri: ifute kwa sponji yenye unyevu, kisha ipake lehemu kidogo. Nunua lehemu ya bati asilimia 60 na risasi 40, yenye ulimbo ndani. Huyeyuka karibu nyuzi 190 za Selsiasi, na pasi ya nyuzi 350 inatosha. Tindikali ya mafundi bati usiitumie, kwani hula saketi.

Fungua madirisha, na unawe mikono kabla ya kula, maana risasi ni sumu. Jizoeze kwanza kwenye saketi ya redio iliyokufa.