Umeajiriwa Mapokezi, Unashika na Stoo? Vidokezo 6 vya Kulinda Jasho Lako

Uliajiriwa mapokezi. Mtunza stoo akaacha kazi, ukakabidhiwa funguo "kwa muda tu". Huu mwezi wa sita, unatoka saa mbili usiku na mshahara ni uleule. Kama uko Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakuhusu.

1. Soma mkataba upya. Mwajiri anapaswa kukupa maandishi yanayotaja kazi yako, saa na malipo. Tafuta maneno "na kazi nyingine utakazopangiwa". Hayo yanaruhusu kukuongezea majukumu, lakini hayaruhusu kukufanyisha kazi saa za bure.

2. Tenganisha majukumu na saa. Malipo ya jukumu jipya ni mapatano yenu. Saa zina kiwango: kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Za ziada ni za makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na kila moja hulipwa angalau mara moja na nusu. Sikukuu ni mara mbili. Ila mameneja wanaowajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo katika kanuni hizi za saa.

3. Piga hesabu. Gawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa 195, ukiwa unafanya saa 45 kwa wiki. Mshahara wa 390,000 ni shilingi 2,000 kwa saa, kwa hiyo saa ya ziada ni 3,000. Saa kumi ni 30,000: hiyo ni unga na mafuta ya nyumbani.

4. Weka daftari. Kila siku andika saa ya kuingia, ya kutoka, kazi uliyofanya na aliyekutuma. Meseji za bosi usizifute.

5. Omba barua. Kazi ikibadilika, mwajiri anatakiwa ashauriane nawe na kukujulisha kwa maandishi. Mwambie kwa heshima: "Bosi, stoo nitaishika. Naomba tuandikiane muda na posho yake."

6. Usichelewe. Ikishindikana, ona chama chako cha wafanyakazi au nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya malipo hupelekwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Daftari lako uende nalo, ndilo litakalokusemea.