GITAA HUUAWA NA HEWA

Najua wapo watakaouliza: mwanachama wa Chama cha Kiswahili ana habari gani na gitaa? Jibu langu ni fupi. Lugha yetu haikuumbwa kwa ajili ya ngonjera na methali peke yake. Inaweza kueleza fizikia, na inaweza kueleza useremala. Tena, magitaa ya mbao tunayoyashangilia katika tamasha za muziki yanakufa mapema majumbani mwetu, na mara nyingi hayakuangushwa wala hayakukaliwa na mtu. Yameuawa na hewa.

Mimi binafsi nina sababu ya kulijali jambo hili. Gitaa ninalolipiga si langu. Ni la mjomba, aliyeniachia alipokwenda kufanya kazi Doha. Siku ya kuagana aliniambia, "Mpwa wangu, nikirudi nataka kulipiga, sitaki kulizika." Anarudi Disemba. Nami kila muhula hulipakia gitaa hilo kwenye basi kutoka kwetu Mombasa hadi huku bara tunakosoma, kisha hulirudisha. Kila safari ni kulitoa katika hewa moja na kulitia katika nyingine kabisa. Ikanibidi nisome.

Kwanza tuelewane juu ya maneno, maana hapa Kiswahili kinaweza kututega. Gitaa lina nyuzi, mbao ina nyuzi, na joto nalo tunalipima kwa nyuzi! Basi katika makala haya nyuzi ni za gitaa tu. Mbao nitasema ina mishipa, na joto lina digrii.

Ubao, hata ukiwa umekatwa miaka hamsini iliyopita, haujaacha kunywa. Hewa ikiwa na unyevu, ubao huunyonya na kuvimba. Hewa ikikauka, ubao huutoa na kusinyaa. Lakini hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu wa mishipa yake haubadiliki sana. Kwa upana, yaani kukatiza mishipa, ndiko unakocheza. Sasa fikirieni kifua cha gitaa, ule ubao wa mbele wenye tundu. Unene wake ni milimita 3 hivi. Kwa ndani umebandikwa vijiti kwa gundi, navyo vimelala kwa kukatiza ile mishipa. Hewa ikikauka ghafla, kifua kinataka kusinyaa lakini vijiti havikubali. Huyu anavuta huku, yule anavuta kule. Mwisho kifua hupasuka, na ufa hufuata mshipa, umenyooka kama uliopigwa rula. Magitaa ya bei ya chini yaliyoundwa kwa plaiwudi hupona zaidi, kwa sababu tabaka za plaiwudi zimepishana na kuzuiana. Hivyo mwenye gitaa la bei nafuu asinung'unike sana.

Hebu tuingie kwenye unyevuanga wenyewe. Tunaposikia "asilimia 60", maana yake si kwamba zaidi ya nusu ya hewa ni maji. Maana yake ni kwamba hewa imebeba asilimia 60 ya mvuke ambao ingeweza kuubeba kwa joto lile. Na hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye joto la digrii 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi. Kwa digrii 30, uwezo huo hupanda hadi gramu 30 hivi, na kwa digrii 35 hukaribia gramu 40.

Chukueni kalamu. Alfajiri chumba kina digrii 20 na unyevuanga wa asilimia 80. Mvuke uliomo ni gramu 14 hivi katika kila meta ya ujazo. Jua linapanda, mabati yanawaka, na kufikia saa nane mchana chumba kile kile kina digrii 30. Gramu ni zile zile 14, lakini sasa tunazigawanya kwa 30. Tunapata asilimia 46 au 47. Karibu na mabati penyewe, penye digrii 35, tunapata 35 tu. Hakuna hata tone moja lililotoka nje, lakini gitaa lililotundikwa juu ukutani limetoka masika na kuingia kiangazi kabla ya kengele ya jioni. Kesho mambo ni yale yale. Kwa maoni yangu mabati ni adui mkubwa wa gitaa kuliko mtoto mtundu.

Sasa nije kwenye neno ambalo hasa limenifanya nishike kalamu. Watengenezaji wakubwa wa Marekani, kama vile Martin na Taylor, hupendekeza gitaa likae kwenye asilimia 45 hadi 55. Hilo ni sawa popote duniani. Lakini maelezo mengi yanayotoka huko humhimiza mwenye gitaa aliongezee unyevu: tia sponji, nyunyiza chumba, usisahau maji. Kwa nini? Kwa sababu wao wana majira ya baridi. Hewa ya nje yenye digrii 0, hata ikiwa imejaa pomoni, ina gramu 5 tu. Wakiiingiza ndani na kuipasha moto hadi digrii 20, unyevuanga huanguka chini ya 30. Kwao dawa ni maji.

Je, Mombasa? Kwetu unyevuanga mara nyingi hupita 70, na usiku hupanda zaidi. Mtu wa Kilifi au Lamu akifuata ushauri ule neno kwa neno, atakuwa anamnywesha maji mtu anayezama. Kifua kitavimba na kuinua daraja, nyuzi zitakaa mbali na shingo hadi vidole viume, sauti itakuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua, na kuvu itaota ndani ya kasha. Kwa upande mwingine, mtu wa Lodwar au Garissa anaweza kuuhitaji ushauri ule karibu neno kwa neno. Nchi ni moja ila hewa si moja. Ndiyo maana nasema tupime kwanza, ndipo tutibu.

Kupima si kazi ngumu. Mumewahi kuona lile sanduku jeupe la somo la Jiografia, lenye vipimajoto viwili, kimoja kimefungwa kitambaa chenye maji? Maji yanapokauka, kipimajoto hicho hupoa. Tofauti ikiwa kubwa, hewa ni kavu. Ikiwa ndogo, hewa imeshiba. Kwa mfano, kikavu kikisema 25 na chenye maji 18, jedwali litatupa asilimia 50 hivi, yaani gitaa linastarehe. Kikavu kikisema 28 na chenye maji 26, tumefika kama 85. Hapo hatari.

Kwa nyumbani, vipo vipimaunyevu vidogo vya dijitali vinavyoingia ndani ya kasha. Shida ni kwamba vingine ni waongo. Njia ya kuwabana ni chumvi. Tia chumvi ya jikoni kwenye kifuniko cha chupa, tone maji kidogo mpaka iwe kama mchanga uliolowa, isiyeyuke yote. Weka kifuniko hicho pamoja na kipimaunyevu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ufunge, uache kutwa nzima mahali pasipo jua. Chumvi ya namna hiyo huifanya hewa ya mfukoni ikae kwenye asilimia 75. Kipimaunyevu kikisema 70, ujue kinapunguza 5, uwe unaziongeza kila usomapo.

Na asiye na kipimaunyevu je? Aende jikoni akaitazame chumvi. Hewa ikipita 75 hivi, chumvi iliyo wazi huanza kulowa na kushikana. Mama zetu wa pwani hutia punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi kwa sababu hiyo hiyo. Chumvi ikianza kulia, gitaa nalo linakunywa.

Gitaa lenyewe pia husema. Pitisha kidole pembeni mwa shingo: ncha za vile vyuma vidogo zikikuchoma, shingo imesinyaa, hewa ni kavu. Laza rula juu ya kifua, nyuma ya daraja, kukatiza mishipa. Kikiwa na kamwinuko kadogo, ni kawaida. Kikiwa kimebonyea, harakisha.

Kuhusu kinga, nitasema moja kwanza maana ndilo lenye faida kuliko yote na halihitaji pesa: likishapigwa, lirudi kasha. Sio ukutani, sio juu ya kabati karibu na mabati, sio karibu na jiko. Mimi niliweka kipimaunyevu nje ya kasha siku moja na ndani siku iliyofuata, siku zote mbili za jua kali. Nje kilicheza kutoka 38 hadi 77. Ndani kilitoka 51 hadi 56 tu. Kasha halizuii hewa, huichelewesha, na kwa ubao kuchelewa huko kunatosha. Kasha lenyewe lilale kitandani chini, juu ya vipande vya mbao, lisigusane na sakafu ya saruji.

Penye ukavu, twaa kisahani cha sabuni chenye mfuniko, kitoboe matundu, weka sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa hadi isidondoshe, kiweke ndani ya kasha upande wa kichwa cha gitaa. Penye unyevu mwingi, kusanya vile vijipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Lakini jamani, vijipakiti hivyo hushiba. Vikishashiba ni mapambo. Silika ya punje zinazogeuka rangi ni afadhali, kwa kuwa inakuonyesha imeshiba, na unaweza kuikausha katika kikaango kikavu juu ya moto mdogo. Chagua zile za rangi ya machungwa. Za buluu nyingi zina kobalti, ambayo ni sumu. Ndani ya basi, gitaa likae nawe, lisitupwe kwenye buti linalochemka, kwa kuwa joto kali hulegeza gundi.

Ikiwa ufa umeshatokea kwa ukavu, usikimbilie gundi. Ukiuziba wakati ubao umesinyaa, ubao ukivimba tena utaminyana na gundi yako na kupasukia kando. Rudisha unyevu polepole kwa wiki moja au mbili, kisahani ndani ya kasha, ukisoma kipimaunyevu asubuhi na jioni. Mara nyingi midomo ya ufa hukutana yenyewe. Hapo ndipo umpelekee fundi, naye aweke gundi.