Je, Kompyuta Dukani Imeongeza Faida?

Mfanyabiashara, kabla ya kununua kompyuta ya kuuzia, andika kwanza hali ilivyo: mauzo, bidhaa zilizopotea au kuharibika, na muda wa kufunga hesabu jioni. Bila daftari hilo hutakuwa na cha kulinganisha. Tuseme kompyuta imegharimu Sh60,000 na itadumu miaka 3: hiyo ni Sh20,000 kwa mwaka, kabla ya intaneti, umeme na kumfunza mhudumu, gharama ambayo wengi huisahau. Kisha linganisha miezi inayofanana. Desemba hujiuzia yenyewe. Ukiipima na Februari, utaisifu kompyuta kwa kazi ya Krismasi. Mauzo yakipanda, tazama faida pia, kwani huenda bei ndizo zimepanda. Mwezi wa kwanza usiuhesabu. Mhudumu bado anajifunza.