Unauza gitaa mtandaoni? Lichomeke kwenye laptopu, achana na maiki ya simu

Leo naongea zaidi na wanaouza gitaa na vifaa vya muziki kwa WhatsApp na Instagram.

Duka langu lipo Nyasubi, hapa Kahama. Wateja wangu wengi ni kwaya na vijana wa bendi, kuanzia Kakola mpaka Geita mjini, watu wasioweza kuja kujaribu gitaa kabla ya kulipa. Wanasikiliza video, wanatuma hela, mzigo unapanda basi. Mwaka jana mwalimu wa kwaya alinunua gitaa la umeme kwa njia hiyo. Lilipofika akanipigia: "Mdogo wangu, hili sio lile lililolia kwenye video." Na lilikuwa lilelile! Kosa langu, nililipiga kwenye amplifaya yenye mwangwi mwingi, nikarekodi kwa simu, bodaboda zinapita nyuma. Yeye akalichomeka kwenye spika za kanisa, likatoka kavu. Nikarudisha hela yote, na nauli ya mzigo kwenda na kurudi nikabeba mimi. Niliumia.

Tangu hapo gitaa naliingiza moja kwa moja kwenye FL Studio, programu ileile ya maprodyuza wengi wa Bongo Fleva. Nilijifunza mwenyewe kwa kukosea, kwa hiyo chukua hii bure.

Kwanza usichomeke gitaa kwenye tundu la maiki la laptopu. Tundu lile halikutengenezwa kwa ajili ya gitaa, sauti itatoka nyembamba kama redio ya betri iliyokwisha. Tafuta saundi kadi ya nje ya USB, hata ya mtumba, yenye kitufe kilichoandikwa INST au Hi-Z. Kibonyeze.

Pili ni drayva. Sakinisha ya kampuni iliyotengeneza kadi yako. Kama haina, pakua ASIO4ALL, ni ya bure. Kwenye FL Studio fungua Options, kisha Audio settings, uchague drayva yenye neno ASIO. Usipofanya hivyo mikisa haitaliona gitaa kabisa. Mimi nilikesha usiku mzima nikidhani waya umekufa.

Hapohapo utakuta bafa. Hili ndilo linalowashinda wengi, kwa hiyo tulia. Bafa ni fungu la sauti ambalo laptopu inalikusanya kwanza kabla ya kulipeleka mbele. Kwa kawaida sekunde moja ya sauti inakatwa vipande 44,100. Ukiweka bafa 1,024, ukagawa kwa 44,100, unapata kama sehemu 23 za elfu za sekunde. Sauti inasubiri hivyo wakati wa kuingia, na inasubiri tena wakati wa kutoka. Ndiyo maana unapiga uzi sasa, hedifoni inalia baadaye kidogo, na vidole vinachanganyikiwa. Shusha mpaka 128, kusubiri kunabaki kama sehemu 3. Laptopu ikianza kutoa mikwaruzo, maana yake imezidiwa, panda 256. Yangu ya zamani inakaa hapo 256 na inatosha.

Sasa bonyeza F9, mikisa inafunguka. Chagua treki ya kwanza, kisha juu upande wa kulia chagua tundu lililochomekwa gitaa. Angalia sana hapa: orodha ina matundu ya pamoja, mawili mawili, na ya moja moja. Gitaa lina waya mmoja, chagua la moja. Video yangu ya kwanza nilichagua la pamoja, mteja mwenye earphone akasikia sikio la kushoto tu, akaniuliza kama gitaa ni bovu.

Piga kwa nguvu zako zote huku unaangalia taa za mikisa. Kilele kisizidi -6. Ikifika nyekundu punguza kwenye kadi, maana sauti iliyopasuka wakati wa kuingia haiponi. Ukisikia gitaa linalia mara mbili, kadi inakurudishia sauti na programu nayo inakurudishia. Zima mojawapo. Na ukisikia "mmmm" isiyoisha, chomoa chaja, rekodi kwa betri.

Kitu kimoja kuhusu toleo la bure la FL Studio: linarekodi na kutoa wimbo, ila kazi uliyohifadhi halifungui tena mpaka ununue. Maliza yote kwa kikao kimoja. Na kabla ya kununua, hakikisha toleo unalochagua linarekodi gitaa, usije ukalia.

Wakati narekodi, simu nayo inanichukua video. Napiga kofi moja mwanzoni, halafu kwenye CapCut nalinganisha kofi la maiki ya simu na kofi la FL, nafuta sauti ya simu, naacha ya FL. Ili kofi lisikike na kwenye FL, nalipiga kwenye mwili wa gitaa lenyewe.

Kila gitaa nalitoa mara mbili. Video ya kwanza efekti zote zimezimwa, sauti kavu kama atakayoisikia akichomeka. Ya pili na efekti, na naandika chini kwamba efekti ni ya kompyuta, haimo kwenye gitaa.

Lile gitaa lililorudi nililirekodi upya hivihivi, kavu kwanza. Likanunuliwa na jamaa wa Kakola. Alipolipokea alinipigia kuuliza nyuzi za akiba nauza bei gani.