Magic Kingdom na Mtoto Mwoga: Namna ya Kupanga Asubuhi

Safari ya Magic Kingdom, bustani ya michezo ya Disney, ni ya gharama. Kuna tiketi, kuna hoteli, kuna nauli ya ndege au mafuta ya gari hadi Orlando, Florida. Kwa familia zetu zinazoishi Marekani, pengine bibi au shangazi naye yumo msafarani, ametoka nyumbani kuja kuwaona watoto. Basi mtoto wa miaka mitatu au minne anapofika kwenye mchezo wa kwanza akang'ang'ania nguo ya mama yake na kusema "sitaki", watu wazima huona pesa zinapotea. Mmoja humbembeleza, mwingine humkemea, wa tatu humbeba juu juu na kumkalisha kitini. Asubuhi huharibikia hapo.

Vuta nikuvute hiyo inaepukika. Mtoto wa umri huu akielezwa mapema kitakachotokea, akaruhusiwa kukataa, na kukataa kwake kukaheshimiwa, mara nyingi ujasiri humjia mwenyewe. Kwa hiyo pangeni asubuhi kwa kipimo cha mtoto aliye mwoga kuliko wote. Michezo mitatu inatosha. Wa nne ukipatikana, ni nyongeza.

Maandalizi ya nyumbani

Tafuteni kwenye YouTube video za michezo mnayoifikiria, zile zilizopigwa na abiria tangu anapoketi hadi anaposhuka. Mtazame na mtoto, sauti ikiwa wazi, maana wengi huogopa kelele kuliko mwendo. Mwelezeni hatua kwa hatua: tunaingia, tunaketi, mashua inatembea polepole, wanasesere wanaimba, halafu tunatoka nje kwenye jua. Huo mwisho ndio wa kusisitiza. Gizani, mtoto anataka kujua kwamba kuna kutoka. Kisha mwacheni achague mwenyewe michezo mitatu.

Mpimeni urefu akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo. The Barnstormer, treni ndogo ya kasi, inahitaji sentimita 89. Seven Dwarfs Mine Train inahitaji sentimita 97, na Space Mountain sentimita 112. Watoto wengi wa miaka minne wamekwisha kuvuka 97, na hapo mzazi hushawishika. Lakini kipimo hicho ni cha usalama wa mwili tu, moyo wa mtoto haumo ndani yake. Mtoto anayelia akisikia mashine ya kusagia juisi hayuko tayari kwa treni ya mgodini, hata awe na sentimita 110.

Kwa upande wa tiketi, aliye chini ya miaka 3 huingia bure, na wa miaka 3 hadi 9 hulipiwa bei ya mtoto. Kama kifungua mimba ana miaka mitano na mdogo wake anakaribia mitatu, kwendeni kabla mdogo hajatimiza mitatu.

Mfuko wa asubuhi uwe na kofia, nguo za kubadilisha, vifaa vya kuziba masikio dhidi ya kelele, na chakula ambacho mtoto amekizoea. Vyakula vya kutoka nyumbani vinaruhusiwa, ila msibebe vyombo vya kioo. Maandazi na matunda yaliyokatwa yatawafaa kuliko kusimama kwenye foleni ya chakula na mtoto mwenye njaa. Maji baridi hutolewa bure kwenye migahawa inayouza vinywaji kaunta. Andikeni namba ya simu kwenye bangili ya karatasi na kumfunga mtoto mkononi, kisha mwonyesheni mlangoni wafanyakazi wenye kibati cha jina kifuani: akipotea, hao ndio wa kuwaendea.

Kufika

Anayekuja na gari haegeshi karibu na lango. Maegesho yako ng'ambo ya ziwa, na kutoka huko mnavuka kwa feri au mnapanda treni ya reli moja. Tengeni saa nzima kabla ya muda wa kufungua. Mwulizeni mtoto: feri au treni? Atakapochagua, huo umekuwa mchezo wake wa kwanza, tena usio na vitisho, na siku imeanza kwa yeye kuamua. Wageni wanaolala kwenye hoteli za Disney huingia nusu saa kabla ya wengine, na nusu saa hiyo ina thamani kubwa kwa mtoto anayeogopa umati.

Lango likifunguliwa mtaona watu wakienda mbio. Wengi wanakimbilia Seven Dwarfs na michezo mingine ya kasi. Msiwafuate. Faida yenu ya kuwahi ni kukuta michezo ya upole ikiwa mitupu, na mnaweza kutembea hadi Fantasyland, eneo lenye michezo hiyo, kwa mwendo wa mtoto. Kawia ufike.

Mpangilio wa michezo

Anzeni na kitu ambacho mtoto anaweza kukiona chote kabla ya kukipanda. Prince Charming Regal Carrousel, farasi wa kuzunguka waliotengenezwa Marekani mwaka 1917, inafaa sana. Simameni kando ya uzio, mtazame mzunguko mmoja mzima, mwonyesheni inavyoanza na inavyosimama. Mama au baba asimame karibu na farasi wake, mkono ukiwa mgongoni mwa mtoto.

Kisha Dumbo, tembo wanaoruka kwa kuzunguka. Kwa mtoto mwoga, mchezo huu una jambo moja la thamani: mbele ya kiti kuna kishikio cha kumpandisha na kumshusha tembo. Mkabidhini mtoto kishikio hicho. Akitaka kubaki chini mzunguko wote, abaki chini, na mtu mzima asikiguse. Mtazameni vidole vyake. Mwanzoni hukikaza kishikio kisisogee, baadaye hujaribu kidogo, tembo anapanda, anamshusha upesi, kisha anajaribu tena. Mtoto huyo anajifundisha kwamba kinachomtisha kina mahali pa kukisimamishia. Hakuna maneno ya mzazi yanayoweza kumfundisha hilo vizuri kuliko mkono wake mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo muingie ndani, na pa kuanzia ni "it's a small world". Mashua inakwenda taratibu kwa takriban dakika kumi, taa ni nyingi, hakuna mteremko wa ghafla wala adui wa hadithi anayejitokeza. Mchezo huu ulibuniwa kwa ajili ya maonesho ya dunia ya New York ya mwaka 1964, na hadi leo ni mlango mzuri wa kumzoesha mtoto michezo ya ndani.

Michezo mingine ya ndani isubiri mpaka mtoto aombe mwenyewe. Peter Pan's Flight ina giza, na chombo kinaning'inia hewani. Kwenye mchezo wa Winnie the Pooh kuna dhoruba na ndoto za ajabu. Kwenye ule wa nguva mdogo yumo mchawi Ursula, mkubwa na mwenye sauti. Mickey's PhilharMagic ni filamu ya miwani maalumu inayorusha upepo na matone ya maji bila kutangaza. Haina ubaya, ila mtoto aelezwe kabla, na aketi katikati ya watu wazima wawili.

Maneno ya foleni

Swali la kumwuliza ni moja: "Tupande sasa, au tutazame kwanza?" Yote mawili ni majibu mema, na mtoto ajue hivyo. Mkifika mbele akabadili nia, mwambieni mfanyakazi, atawaonyesha njia ya kutokea.

Yapo maneno tuliyolelewa nayo ambayo siku hiyo yaachwe hotelini: "Mbona mwenzako haogopi?" "Mtoto wa kiume halii." "Tumelipa pesa nyingi." Zungumzeni na bibi na shangazi usiku wa kuamkia safari, kwa heshima, ili nyumba nzima iwe na kauli moja. Bibi akisema, "Njoo tukae hapa, mjukuu wangu, tuwatazame wenzetu," amesaidia kuliko wote.

Mickey na wenzake wenye vichwa vikubwa nao hutisha. Hawasemi, na ukubwa wao haulingani na ule wa kwenye televisheni. Mtoto akipunga mkono kwa mbali, salamu imefika. Picha si lazima.

Kama yupo kaka au dada anayetaka treni ya kasi, ulizeni utaratibu uitwao Rider Switch. Mzazi mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanapokezana bila yule wa pili kupanga foleni upya. Hakuna anayenyimwa, na mdogo habebeshwi lawama.

Choo na mapumziko

Vyoo vingi vya huko hujimwagia maji vyenyewe mtu anaposogea, kwa kishindo. Mtoto mdogo aliyeketi huweza kushtuliwa na maji chini yake akakataa choo siku nzima. Bebeni karatasi ndogo zenye gundi, mbandike moja juu ya kile kijicho cheusi ukutani kabla hajaketi, na muiondoe akishatoka. Mashine za kukaushia mikono nazo zina kelele, kwa hiyo mfuteni kwa taulo yenu.

Mtoto akizidiwa, kwendeni Baby Care Center, karibu na mgahawa wa The Crystal Palace mwishoni mwa Main Street. Kuna nafasi ya kunyonyesha, kubadilisha nepi na kumlisha mtoto kwa utulivu. Msingoje alie. Kunyamaza ghafla, kusugua macho na kuomba kubebwa ni dalili tosha.

Ifikapo saa sita mchana, ondokeni. Florida wakati wa kiangazi huwa na joto kali, na radi na mvua za alasiri ni jambo la kawaida. Ondokeni mtoto akiwa bado anataka kubaki, kwa sababu atakachokikumbuka ndicho kitakachoamua kama atakubali kurudi.

Mbinu hizi zinafaa pia kwa walio Ulaya wanaokwenda Disneyland Paris, na kwa mzazi anayempeleka mtoto kwenye bembea za sikukuu mtaani kwao. Woga wa mtoto wa miaka mitatu si utovu wa adabu wala aibu kwa wazazi. Tiketi ilikatwa ili afurahi. Akipanda mchezo mmoja tu kwa hiari yake na kuwatazama wenzake kwenye mingine, mhesabieni amefaulu, na mwambieni hivyo kwa sauti, mbele ya ndugu zake.