Mzabibu wa uani Dodoma: mkasi ndio msimu

Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miti mingi ya matunda hunyong'onyea kwa ukame huo, lakini mzabibu hustawi, na wamisionari wa Kikatoliki waliopanda zabibu kule Bihawana waliliona hilo mapema. Kwa hiyo wewe uliyejenga Nzuguni, Iyumbu au Ilazo na umebakiwa na kipande cha ua, panda mzabibu kabla hujafikiria nyasi za mapambo.

1. Chagua aina kwa kufuata mlaji. Makutupora Nyekundu haideki na wenyeji wameizoea, ila sifa yake kubwa ni divai. Kama walaji ni watoto, nenda kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, kaskazini mwa jiji, uulizie aina za mezani.

2. Chimba shimo la futi mbili kila upande, uchanganye udongo na debe la samadi iliyooza vizuri. Udongo wa kichanga chekundu unafaa sana. Mbuga nyeusi inayotuamisha maji iepuke, maana mizizi itaoza. Panda mvua zinapoanza, na ukitumia pingili, hakikisha macho yanatazama juu.

3. Jenga kichanja juu ya maegesho au kibaraza, upate zabibu na kivuli kwa pamoja. Nguzo ziwe za chuma au mbao zilizotiwa dawa, kwa sababu mchwa wa Dodoma hawana huruma. Mwaka wa kwanza acha shina moja tu lipande. Likifika juu, kata ncha ili litoe mikono ya kutambaa.

4. Sasa mkasi, na hapa ndipo wengi wanapopoteza zabibu zao. Ulaya baridi kali huulaza mzabibu, kisha joto huuamsha. Kwetu baridi ya namna hiyo haipo, hivyo kinachouamsha ni kupogoa. Usipokata, utapata msitu wa majani na vishada vichache visivyo na mpangilio. Ukikata, hesabu kama miezi minne ndipo uvune. Wakulima wa Dodoma huvuna mara mbili: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba.

Matunda hubebwa na machipukizi mapya yanayotoka kwenye tawi la msimu uliopita, lile lililokwisha kuwa la kahawia. Lipunguze libaki na macho mawili. Inatisha kuuona mti umebaki mifupa, lakini kata. Punguza maji wiki mbili kabla, kisha mwagilia kwa nguvu ukishapogoa. Ukiwa na miti kadhaa, ipogoe kwa kupishana wiki mbili mbili, zabibu zisiive zote siku moja.

Kwa maoni yangu, mwenye bustani ya nyumbani atilie mkazo mavuno ya kiangazi. Pogoa Aprili mwishoni au Mei, matunda yaive kwenye jua kavu: huwa matamu zaidi na hayasumbuliwi sana na magonjwa.

5. Mvua huleta ubwiri, yaani ugonjwa wa ukungu. Punguza majani yanayobana vishada ili hewa ipite, lakini upande wa jua la alasiri yaache yavikinge. Mwagilia chini kwenye shina, usirushe maji kwenye majani. Ukiona unga mweupe, salfa husaidia. Ipige asubuhi kungali baridi, kwa sababu kwenye jua kali huunguza majani. Fuata maelekezo ya pakiti kuhusu siku za kusubiri kabla ya kula.

6. Tandaza nyasi kavu kuhifadhi unyevu, ila ziache shibiri moja kutoka shinani. Zikigusa shina, umewawekea mchwa daraja.

7. Funika vishada kwa chandarua kuukuu mara rangi inapoanza kugeuka, maana ndege hawakusubiri. Wewe, kwa upande wako, subiri: zabibu ikishachumwa haiongezi utamu. Usidanganywe na rangi pia, kwani hukolea kabla ya sukari kutimia. Onja punje ya ncha ya chini, ambayo ndiyo huiva mwisho. Ikiwa tamu na mbegu zake ni za kahawia, kata kishada kizima kwa mkasi.